Moto wa Kariokor na Uhindu wa Filamu

Katika The Story of India, mfululizo wa vipindi sita wa BBC wa mwaka 2007, mwanahistoria Michael Wood anakwenda Kerala kusikiliza Mabrahmin wakighani mantra, na sauti hiyo anaichukua kuwa mwangwi wa enzi za kale. Kazi yake imejaa mapenzi, na mapokeo yale kweli ni ya kale. Lakini njia hiyo, inayopendwa mno na filamu za historia ya India, inapoteza jambo kubwa. Ibada ya leo ikishageuzwa ushahidi wa jana, Uhindu unabaki bila tarehe: Wamughal wanaingia, Waingereza wanatoka, na hekalu lipo palepale nyuma yao, taa zikiwaka.

Kariokor, mlangoni mwa Eastlands jijini Nairobi, inaonyesha kinyume. Mtaa huu una jina la Carrier Corps, jeshi la wapagazi Waafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza. Watu huja hapa kununua vyondo na kula nyama choma, na hapahapa Wahindu wa Nairobi huteketeza maiti zao, mbali kabisa na mto Ganga. Dini waliyokuja nayo ilikuwa tayari inabishana ndani kwa ndani. Arya Samaj, vuguvugu lililoanzishwa Bombay mwaka 1875 likipinga ibada ya sanamu, lilikuwa na tawi Nairobi kufikia 1903, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Kisha Oktoba 2011, baada ya ibada ya kitaifa Uhuru Park, mwili wa mtetezi wa mazingira Wangari Maathai uliletwa Kariokor ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka kuzikwa katika jeneza la mbao. Mwaka 2019 akafuata Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom. Desturi ambayo wengi mitaani waliiona ya watu wengine ikawa mjadala wa kila nyumba.

Mtu atasema Maathai hakuwa Mhindu, na moto ule haukuwa ibada ya Kihindu. Ni kweli, na ndiyo sababu unafaa kuandikwa: mahali palipotengwa kwa ibada ya dini moja pamepata kazi nyingine, na hayo ni mabadiliko yenye mwaka na majina. Wengine watahofu kwamba kuipa dini tarehe ni kuivunjia heshima. Mimi naona waumini huvunjiwa heshima zaidi wanapofanywa pambo la picha. Filamu za Wahindi wa Kenya nazo hukosea vivyo hivyo zinapopigia reli ya Uganda ya 1896 hadi 1901 kengele za hekalu, ilhali vibarua wengi walioijenga walikuwa Waislamu na Masingasinga wa Punjab. Mwenye kamera akija Nairobi, aulize kila hekalu lilijengwa mwaka gani, nani alichanga, wangapi walilipinga, na ni lini asiye Mhindu alipokewa Kariokor kwa mara ya kwanza.