Dawa ya Mifupa Ilianzia Kwa Mabomba

Wasee, hii stori inaanzia kwa mabomba ya maji. Kuna kemikali zinaitwa bisfosfoneti, na viwanda vilizitumia kuzuia chokaa isigande ndani ya mabomba. Miaka ya 1960, Herbert Fleisch wa Uswisi akaona zinaweza pia kuzuia madini ya mfupa yasiyeyuke. Huyo ndiye babu ya Fosamax, iliyopitishwa Marekani 1995 kwa wamama waliokoma hedhi na mifupa ikaanza kuisha.

Wakati huo wengi walikuwa wanategemea homoni. Zilisaidia mifupa, hilo halina ubishi. Lakini Julai 2002 sehemu ya utafiti wa Women's Health Initiative, wanawake 16,608, ilisimamishwa mapema. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliovunjika nyonga walipungua 5, wa saratani ya matiti wakaongezeka 8, wa kiharusi pia 8. Wengi wakaacha vidonge.

Bisfosfoneti nazo hazikupona. 2003 zikatoka ripoti za mfupa wa taya kufa, hasa kwa wagonjwa wa saratani waliodungwa dozi kubwa. 2010 FDA ikaonya kuhusu paja kuvunjika kiajabu kwa watu waliozitumia miaka mingi.

Hii ya taya ndiyo ilimfikia shosho wangu kwa WhatsApp, lakini ile sehemu ya saratani na dozi kubwa ilikuwa imekatwa. Akafungia dawa kwa kabati. Na huyu ni mtu ashavunjika pingili ya mgongo! Nikamsomea utafiti wa 1996 wa wamama kama yeye, miaka 3: waliopewa kidonge bandia, 2.2% walivunjika nyonga. Waliopewa dawa, 1.1%. Pingili mpya zilizovunjika zilitoka 15% hadi 8%. Kwa mama wa miaka 50 ambaye hajawahi kuvunjika kitu, mimi ningebishana. Kwa shosho, hapana.

"Wewe uliyeacha chuo ndiyo unanifundisha dawa?"

Sawa, tukaenda kwa daktari. Akasema ameze, na baada ya miaka 5 wapime tena waone kama anaweza kupumzika. Taya hata halimsumbui tena. Kinachomuudhi ni ile nusu saa ya kukaa wima na maji matupu ili kidonge kisichome koo, na chai iko hapo mezani inapoa.