Samaki wa Uvira katika Chupa za Mbali

Mwaka 1950 Max Poll, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alimtangaza kwa wanasayansi samaki mdogo wa miamba ya Ziwa Tanganyika na kumwita Tanganicodus irsacae. Jina hilo linaienzi IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, yenye makao makuu Lwiro, upande wa Bukavu, na kituo cha utafiti wa maji Uvira, kwenye ufuo wa Kongo wa ziwa hilo. Mwaka uleule Poll alitangaza pia Spathodus marlieri, jina la Georges Marlier aliyefanya kazi Uvira. Ukitaka kuisoma historia ya mkusanyo wa viumbe wa pwani hii, anza na majina ya samaki wenyewe.

Safari ya vitu kutoka hapa kwenda Ulaya ilikuwa imeanza zamani. Wapelelezi Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, na makombe ya ziwa aliyoyabeba Speke yalichunguzwa London mwaka uliofuata. Yalifanana na makombe ya bahari kiasi kwamba mwanasayansi J.E.S. Moore, aliyelifikia ziwa mara mbili kati ya 1895 na 1900, alidai kwamba Tanganyika iliwahi kuungana na bahari. W.A. Cunnington akaja mwaka 1904 kuchunguza dai hilo, na halikusimama. Kisha daktari Mbelgiji Louis Stappers akakusanya samaki miaka ya 1911 hadi 1913, na mukeke, yule anayechomwa kila jioni kandokando ya ziwa, akaandikwa vitabuni kwa jina lake: Lates stappersii. Wavuvi walikuwa wakimjua mukeke vizazi vingi kabla ya hapo, lakini mikono yao iliyovuta nyavu haikutajwa kwenye lebo za chupa.

Msafara mkubwa wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 ulilipima ziwa zima. Kutokana na mavuno yake Poll alitoa kitabu cha samaki mwaka 1953 na kingine mwaka 1956, na mpaka leo hakuna anayechambua samaki wa Tanganyika bila kuvifungua. Samaki hao walilowekwa kwenye formalini, wakahamishiwa kwenye alkoholi, wakapelekwa Ubelgiji. Kila aina mpya huwa na kielelezo chake kimoja kikuu, ambacho mtafiti yeyote mwenye shaka lazima arudi kwacho. Mwanafunzi wa Uvira anayetaka kumlinganisha samaki wa mlangoni pake na kielelezo hicho anahitaji pasipoti na viza. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo deni kubwa lililobaki.

Lakini kituo cha Uvira hakikuwa ghala la kusafirishia mizigo tu. Kilipita katika uhuru wa 1960 na uasi ulioiteka Uvira mwaka 1964, kisha taasisi zikapangwa upya, na leo kinaitwa CRH, Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, Hiroya Kawanabe akiwa miongoni mwao, walikuja kupiga mbizi pamoja na wenzao Wakongomani. Gashagaza Mukwaya na Nshombo Muderhwa ni baadhi ya Wakongomani ambao majina yao yamo kwenye makala za kipindi hicho.

Kazi moja ya enzi hiyo inaonyesha kwa nini samaki hukusanywa mwaka hadi mwaka. Perissodus microlepis hula magamba ya samaki wengine, na mdomo wake umepinda, kushoto au kulia. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na mwenzake hufanya kinyume. Michio Hori alihesabu samaki waliovuliwa kaskazini-magharibi mwa ziwa kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1993, katika jarida la Science, akaonyesha kwamba pande hizo mbili hupokezana wingi bila upande mmoja kuumeza mwingine. Kundi moja likizidi, mawindo huzoea kulinda ubavu ule, na wachache wa upande wa pili hushiba na kuzaa zaidi. Mtu aliyekusanya msimu mmoja na kuondoka asingeliona jambo hilo.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliifikia Uvira mapema, na utafiti wa ushirikiano ule na Wajapani uliendelea zaidi Mpulungu, Zambia. Lwiro nako, penye vielelezo vya wanyama, ndege na mimea mikavu vilivyokusanywa tangu enzi za IRSAC, wafanyakazi walivuka miaka migumu wakilinda mali hiyo.

Alkoholi huvukia. Chupa isiyoongezwa hukausha samaki, na wino wa lebo ukififia, samaki hubaki bila mahali alipovuliwa wala tarehe, na mtafiti hana la kufanya naye. Wakati huohuo ziwa limekuwa likipata joto, mwaka 2020 mafuriko yaliipiga Uvira vibaya, na maji ya ziwa yakapanda hadi kuingia mitaa ya kandokando. Anayetaka kujua ndagala au mukeke wamebadilika vipi tangu 1947 lazima alinganishe wa leo na wale wa chupani. Picha safi za vielelezo vya Ubelgiji, data zao zote, na samaki wa ziada wa aina zilezile vingeweza kurudi Uvira na Lwiro, na pesa za alkoholi na umeme ziandamane navyo.