Sheria ya Obama: karatasi ya Washington ilivyofika Kalehe



Tangu 2025 redio haipumziki kutaja Washington. Mkataba huu, mkataba ule, amani, madini, tena madini. Watu wanauliza: safari hii kuna kitu kitatufikia? Ni swali la haki, na sehemu ya jibu tunayo katika historia yetu wenyewe. Karatasi ya Washington ilishafika kwetu. Ilifika bila kupiga hodi, ikakaa, na mpaka leo wachimbaji wanaiita "loi Obama", sheria ya Obama.

Tuanze na jina. Obama hakuiandika. Aliitia saini tarehe 21 Julai 2010, na siku ile huko kwao ni wachache sana waliokuwa wakiwaza Kongo. Sheria ile ilikuwa ya mabenki. Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani yaliyumba, watu wengi wakapoteza nyumba na kazi, na wabunge wawili, Christopher Dodd na Barney Frank, wakaongoza kazi ya kutunga sheria ya kuyafunga kamba. Ikatoka sheria ya kurasa zaidi ya 800. Karibu na mwisho, chini ya kichwa cha mambo mengineyo, kuna kifungu cha 1502. Hicho ndicho chetu. Kivu iliingia katika sheria ya Marekani kama abiria wa mwisho anavyopanda lori lililokwisha kujaa: juu ya magunia, ameshika kamba.

Kifungu chenyewe hakikukataza mtu yeyote kununua madini ya Kongo. Wengi hawajui jambo hili. Kilisema tu kwamba kampuni inayouza hisa katika soko la Marekani, ikiwa inatumia kasiterite, koltani, wolframite au dhahabu, ichunguze kama vimetoka Kongo au katika nchi 9 zinazopakana nayo, kisha itoe ripoti kila mwaka.

Kwa nini hivyo vinne? Kwa sababu vimo ndani ya simu hiyo unayosomea habari hii. Bati la kasiterite ndilo linalogandisha vipande vya ndani vishikane. Koltani inatoa tantalumu, inayotunza umeme ndani ya kidude kidogo kama punje ya mchele. Chuma cha wolframite ni kizito sana. Kipande chake kikizungushwa na mota ndogo, simu inatetemeka mfukoni. Dhahabu inapitisha umeme na haishiki kutu.

Nia haikuwa mbaya. Mwaka 2000 bei ya koltani duniani ilipanda kwa kasi, wakati viwanda vya simu na vya michezo ya kompyuta vilipokuwa vikiigombania, na tangu 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakiandika jinsi majeshi na makundi ya silaha yalivyokula kwenye mashimo yetu. Kule Marekani watu wa haki za binadamu walisema: tukiwanyima soko, watanyimwa risasi. Hesabu ilionekana nyepesi. Lakini kwenye shimo hakuwepo mwenye bunduki peke yake.

Sasa tazama mambo yalivyofuatana. Kabla hata kampuni hazijaanza kuchunguza, mwezi Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi ya madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Zuio lile lilidumu hadi Machi 2011. Lilipoondolewa, wachimbaji walirudi mashimoni, lakini wanunuzi wakubwa hawakurudi. Kuanzia Aprili 2011, viwanda vya mbali vinavyoyeyusha madini vilitaka mzigo wenye uthibitisho kwamba hautoki kwenye vita, na huku kwetu hapakuwa na mtu wa kuutoa. Kampuni iliyo mbali ina njia mbili: kutuma watu Kalehe wakachunguze, au kununua kwingine. Ya pili ni rahisi zaidi. Hivyo sheria ambayo haikukataza kitu ikafanya kazi ya zuio.

Wa Kavumu wataelewa upesi kilichofuata, kwa sababu kinahusu ndege. Shabunda haina barabara ya kuaminika hadi Bukavu. Ndege ndogo ndizo zilizokuwa zikipeleka chumvi, sabuni na mafuta, zikirudi na kasiterite, na kasiterite ndiyo iliyolipa safari. Mzigo wa kurudi ulipokosa mnunuzi, safari zikapungua, na bei ya chumvi ikampandia mama ambaye maishani mwake hajashika sururu. Katika vituo vya wachimbaji, mwenye duka alikosa mteja, mwalimu akakosa mchango wa wazazi, mwenye pikipiki akakosa abiria. Wengine walihamia kwenye dhahabu. Wengine, vijana hasa, walishika silaha. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitoa uchunguzi wao: katika vijiji vya karibu na migodi iliyoguswa na sheria hii, vifo vya watoto wachanga viliongezeka. Walieleza kuwa huenda mama walikosa makuta ya matibabu.

Mlango ulianza kufunguka hapahapa kwetu. Mwezi Oktoba 2012, kwenye mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, eneo la Kalehe, mifuko ya kasiterite ilifungwa kwa etiketi. Serikali ya Uholanzi ilisaidia, pamoja na kampuni kama Philips na Fairphone. Kazi yenyewe ni hivi: mfuko unapimwa mbele ya mtumishi wa serikali, unafungwa kwa etiketi ya plastiki yenye namba, na namba inaandikwa kwenye daftari. Ukifika kwa mnunuzi unapimwa tena na kuwekewa etiketi ya pili. Mtu akiwa Ulaya ataweza kufuata namba mpaka kilima.

Lakini etiketi ni plastiki, na plastiki haina macho. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja juu ya etiketi zinazouzwa kwa magendo, na madini ya shimo lililokatazwa kuingizwa kwenye mfuko wa shimo lililoruhusiwa. Na mahali ambapo etiketi haikufika, mchimbaji aliuza kwa bei ya kubembeleza.

Wakati huo, huko Washington, wenye viwanda walikuwa mahakamani. Walilalamika kwamba kuwalazimisha waseme hadharani kuwa bidhaa yao haijaonekana kuwa safi na vita vya Kongo ni kuvunja uhuru wao wa kusema. Tarehe 14 Aprili 2014 mahakama ya rufani ikawakubalia katika jambo hilo. Fikiri kidogo: kampuni ilipewa haki ya kunyamaza, kwa jina la uhuru wa kusema! Mchimbaji wa Nyabibwe, yeye, hakuitwa hata mara moja kutoa maoni yake kabla sheria haijapita. Mwezi Septemba mwaka uleule watafiti na wataalamu 70, Wakongomani na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema kwamba juhudi hizi hazikusikiliza wenyeji vya kutosha, na kwamba madini si chanzo cha vita vyote.

Haki isemwe pia kwa upande wa pili. Katika mashimo mengi ya bati na koltani, wenye silaha walipungua miaka ile. Wanunuzi walijifunza kuuliza mzigo umetoka wapi, jambo ambalo zamani halikuwapo. Dhahabu ndiyo iliyowashinda. Koltani inataka magunia, lori na barabara. Dhahabu ya thamani ya nyumba inavuka mpaka ndani ya soksi, na haisubiri etiketi.

Kwa nini nayarudia haya leo? Kwa sababu yanarudi yenyewe. Mwezi Aprili 2024 M23 ilitwaa Rubaya, kilima kinachotoa sehemu kubwa ya tantalumu ya dunia. Mwezi Desemba 2024 serikali ya Kinshasa iliishtaki Apple huko Ufaransa na Ubelgiji. Apple ilikanusha, ikasema imekwisha kuwaambia wauzaji wake waache kununua madini ya Kongo na Rwanda. Jibu lilelile la 2011: kuliko kuchunguza, tuache. Tarehe 14 Februari 2025 M23 ilitwaa uwanja wetu wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye ikawa Bukavu. Tarehe 27 Juni Kongo na Rwanda zikatia saini Washington. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakakaa mezani na Trump, na siku hiyohiyo Kongo na Marekani zikapatana pia juu ya madini. Haikupita wiki moja, M23 ikaingia Uvira.

Simwambii mtu akate tamaa, wala apige makofi. Nasema tuhesabu. Tangu saini ya Obama mwezi Julai 2010 mpaka mifuko yenye etiketi Kalimbi, Oktoba 2012, ilipita miezi 27. Katika miezi hiyo hakuna karatasi iliyosema familia za wachimbaji zitakula nini. Ubaya wa sheria ile ulikuwa hapo: walioiandika walipanga mwanzo na mwisho, na katikati wakatuachia sisi.

Basi mkataba mpya ukisomwa redioni, usisikilize majina ya marais tu. Sikiliza kama kuna neno juu ya uwanja wa Kavumu na barabara ya Kalehe mpaka Minova: nani atavifungua, na lini. Uliza kama wanunuzi wakisita, mchimbaji na mama wa sokoni watasaidiwa na nani wakati wa kungoja. Uliza mabenki yatafunguliwa vipi ili mwalimu apate mshahara. Na ninyi mliokimbia, ulizeni kama kuna mstari juu ya shamba mliloliacha: mkirudi mkute mtu mwingine amelima, mtaenda kwa nani?

Maswali hayo yapelekeni kwa machifu, kwa mashirika ya raia, kwa wabunge mliowachagua, na kwa redio zinapofungua simu. Mwaka 2010 hakuna aliyeyauliza mapema. Safari hii yaulizwe wakati wino bado mbichi.