Kashfa Kabla ya Intaneti

Nasimamia kurasa za waimbaji wa taarabu mtandaoni, na kila kashfa ikizuka namkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Alizaliwa Fumba, akatembeza vyungu akiuza. Alipopata jina Unguja, wapinzani wakamdhihaki sura na asili yake. Alijibu kwa wimbo, akiweka akili mbele ya uzuri na ukoo. Mwaka 1928 alivuka hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikafika mbali kuliko matusi yale. Hilo ndilo ninalolishika: aliyenunua santuri alimsikia Siti mwenyewe. Siku hizi kipande cha onyesho cha sekunde chache hukatwa, kikasambazwa na maneno ya uzushi. Ndiyo maana nawasihi waimbaji wangu wapakie onyesho zima usiku uleule, kabla mwingine hajawasemea.