Kumtazama Mtoto wa Awali Darasani Kunduchi

Kutazama ukuaji wa mtoto kijamii na kihisia ni kufuatilia anavyoagana na mzazi mlangoni, anavyopata wa kucheza naye, anavyogombea kifaa, anavyolia na anavyobembelezeka. Mtaala wa Elimu ya Awali wa Tanzania wa mwaka 2016 uliipa kazi hii nafasi yake: miongoni mwa umahiri uliolengwa, mmoja ulikuwa kuhusiana. Umahiri huo haupimwi kwa karatasi ya mtihani. Hupimwa kwa macho ya mwalimu na daftari lake.

Wakati mzuri wa kutazama ni wa mchezo huru. Kwenye kata ya wavuvi kama Kunduchi, mchezo huo unaweza kuwa soko la samaki: mmoja dalali, wengine wanunuzi, vifuu ndio samaki wenyewe. Hapo huonekana nani hugawa kazi, nani hukubali kupitwa bei bila kununa, nani hubaki pembeni. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza jinsi watoto wadogo wanavyocheza: peke yao, kandokando bila kushirikiana, kisha pamoja. Aliye pembeni asiharakishwe kuitwa mzito, kwani kutazama wenzake nako ni kushiriki.

Kosa kubwa ni kuandika sifa badala ya tendo. “Mkorofi” halimsaidii yeyote. “Saa nne alimsukuma mwenzake aliyechukua kifuu chake, kisha akajificha nyuma ya mlango” linamwonyesha mwalimu pa kuanzia. Tendo moja nalo halitoshi. Likijirudia kwa wiki kadhaa ndipo liulizwe chanzo. Huenda baba yuko dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, au nyumbani kuna kichanga kipya.

Mtaala huo wa 2016 ulitaka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya mjini yamefurika kupita hapo. Njia inayowezekana ni mwalimu kuchagua watoto wachache kila siku, akianza na wapole. Naona hao ndio wanaosahaulika zaidi, kwa kuwa ukimya wao husifiwa kuwa adabu hata pale unapotokana na hofu.

Mzazi naye ana sehemu yake. Baba anapokwenda dago, au mtoto anapohamia kwa bibi, mwalimu aambiwe siku hiyohiyo.