Mafuta ya Vidudu vya Bahari ya Barafu

Kila mama wa Lubumbashi anajua jambo hili: asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, mawese yanaganda ndani ya chupa. Lazima chupa iwekwe karibu na mbabula, au juani, ndipo mafuta yatiririke tena. Na baridi ya kwetu ni kidogo tu. Katika bahari za ncha mbili za dunia, kaskazini na kusini, maji ya chumvi yanafikia baridi ya digrii karibu 2 chini ya sifuri. Humo wanaishi wanyama wadogo wasiohesabika, na miili yao imejaa mafuta. Kwa nini mafuta yao hayagandi kama mawese yetu? Tena, mafuta mengi hivyo ni ya kazi gani? Watu walitumia miaka mia mbili kupata jibu, na kabla ya kulipata walikwisha kufanya uharibifu mkubwa. Leo tunataka kusimulia habari hiyo.

Walioona kwanza

Mwaka 1770, Johan Ernst Gunnerus, askofu wa Kiluteri wa mji wa Trondheim katika Norwe, aliandika habari za kidudu cha bahari kisichopita punje ya mchele. Leo kinaitwa Calanus finmarchicus, nacho ni cha jamii ya kopepodi. Mwaka 1838, Henrik Krøyer wa Denmark akaandika habari za ndugu yake aliye mkubwa zaidi, Calanus hyperboreus, mkaaji wa maji ya barafu ya kaskazini. Mwaka 1850, Mmarekani James Dwight Dana akamtambulisha krili wa kusini, anayefanana na kamba mdogo wa sentimeta 6 hivi. Na mwaka 1887, Mjerumani Victor Hensen akavipa viumbe vyote vinavyochukuliwa na maji jina moja: planktoni. Ndagala wa ziwa letu la Tanganyika nao wanakula wanyama wadogo wa namna hiyo.

Wabelgiji pia walifika huko. Merikebu Belgica ya Adrien de Gerlache iliondoka Antwerpen mwaka 1897, ikanaswa na barafu ya kusini karibu mwaka mzima, 1898 mpaka 1899. Humo Mromania Emile Racovitza alikuwa akikusanya wanyama na mimea kwa ajili ya elimu. Lakini mabingwa wa zamani hizo walitazama hasa umbo: miguu, macho, ganda. Vitu vilivyo ndani ya mwili havikupimwa bado.

Waliochota bila kujua chemchemi

Mwaka 1904, Carl Anton Larsen wa Norwe alijenga kituo cha kuvulia nyangumi mahali paitwapo Grytviken, katika kisiwa cha South Georgia. Mafuta ya nyangumi yalipelekwa Ulaya kutengenezwa sabuni na margarini. Hapo habari hii inatugusa sisi Wakongomani. Mwaka 1911, kampuni ya Lever ilipewa ruhusa ya kukusanya matunda ya michikichi katika nchi yetu, nayo ilitumia mafuta ya nyangumi pia. Hivyo jasho la wakata-ngazi wetu na damu ya nyangumi wa kusini vilikutana ndani ya kipande kimoja cha sabuni.

Katika karne ile ya ishirini, nyangumi zaidi ya milioni 2 waliuawa katika bahari za kusini. Waingereza walipoona hatari ya kuwamaliza, walitoza kodi juu ya mafuta yale, na kwa fedha hiyo wakatuma merikebu Discovery mwaka 1925 kuchunguza. Wataalamu walipopasua matumbo ya nyangumi, walikuta krili, na krili tena. James Marr alikusanya habari hizo katika kitabu kikubwa mwaka 1962. Basi ikajulikana wazi: mafuta ya mnyama mkubwa kuliko wote duniani yalikuwa kwanza mafuta ya kamba mdogo.

Siri iliyofichwa katika mafuta

Kisha wakaja watu wa kemia. Kuelekea mwaka 1970, Richard Lee, Judd Nevenzel na Andrew Benson, huko California, walipima mafuta ya kopepodi, wakaona jambo la kushangaza: sehemu kubwa si mafuta ya kawaida, bali ni nta. Ndiyo, nta ya maji-maji, jamaa ya nta ya nyuki tunayoifanyia mishumaa ya altare. Katika kopepodi wa kaskazini nta hiyo hukaa ndani ya mfuko mrefu unaoonekana wazi mwilini, na mara nyingi mafuta yanapita nusu ya uzito wa mwili uliokaushwa.

Kwa nini haigandi? Mafuta yana nyuzi ndefu ndani yake. Karibu nusu ya nyuzi za mawese zimenyooka kama kuni zilizopasuliwa vizuri: zinapangika, zinabanana, zinakuwa kitu kigumu. Nyuzi nyingi za wanyama wa baridi zimepinda kama matawi ya mti, wala hazipangiki. Asidi moja, iitwayo EPA, ina mapindo 5. Nyingine, DHA, ina 6. Hizo zinatoka katika mimea midogo ya bahari, nazo hufanya hata ngozi nyembamba za chembe za mwili zibaki laini katika baridi.

Na kazi yake? Huko jua la kiangazi ni la miezi michache. Kopepodi hula upesi, hujaza mfuko wake, kisha hushuka mamia ya meta chini gizani. Hapo hukaa bila kula, akitumia nta polepole. Jike wa Calanus hyperboreus hutaga mayai katikati ya majira ya baridi kwa akiba hiyo tu. Krili wa kusini ana njia nyingine: haweki nta, huweka mafuta ya kawaida; na njaa ikizidi, mwili wake hupungua urefu. Mwaka 1982, Ikeda na Dixon walieleza kwamba krili waliweza kuishi bila chakula zaidi ya siku 200.

Hatari ya leo

Nyangumi walipopungua, merikebu za uvuvi zilimgeukia krili mwenyewe. Kumla si rahisi: ganda lake lina fluori nyingi, na nguvu za kuyeyusha chakula tumboni mwake humwozesha upesi akiisha kufa. Hata hivyo anavuliwa. Mapatano yaliyotiwa sahihi Canberra mwaka 1980 yanaweka mipaka.

Lakini joto la dunia halitii mapatano. Watoto wa krili hula mimea inayoota chini ya barafu. Barafu ikipungua, chakula chao kinapungua. Na kule Svalbard, maji yanapopata joto, kopepodi wanono wanaachia nafasi kwa kile kidudu cha Gunnerus, chenye mafuta machache zaidi. Ndege mdogo aitwaye Alle alle, anayelisha kinda wake kwa kopepodi, analazimika kuruka mbali zaidi kutafuta walionona. Mtu akitazama bahari ile anaona vidudu bado vimejaa. Ni kinda ndiye anayejua kwamba mafuta yamepungua.

Wazee wetu wanasema: haba na haba hujaza kibaba. Wavuvi wa Grytviken walikikomba kibaba wala hawakuuliza haba zinatoka wapi. Sisi tumekwisha kujua. Hatutaweza kusema kwamba hatukuambiwa.