Nani Anashika Picha Zetu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili naomba tuiache mali, tuzungumze juu ya sura ya mtu. Sura nayo ni mali, na daftari lake ni picha. Tangu picha ianze kupigwa katika pwani yetu, ni nani amekuwa akilishika daftari hilo?

Nauliza kwa sababu mimi, mkazi wa Mlandizi mkoani Pwani, ninayo nyumbani mashine ya kuchapia picha, ile ya wino wa maji, ambayo wenyewe twaiita printa. Iko juu ya meza sebuleni, imefunikwa kitambaa kama zilivyofunikwa redio za wazee wetu. Ukiitazama ni sanduku la plastiki tu, lakini nyuma yake ipo historia ndefu inayotuhusu.

Uvumbuzi wa Mfaransa Louis Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839. Haikupita hata miaka kumi, nahodha mmoja wa Kifaransa, Charles Guillain, akafika na ufundi huo katika pwani ya Afrika Mashariki, katika safari yake ya mwaka 1846 hadi 1848. Picha za namna ile ziliganda juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na bamba lilikuwa moja tu, halitoi nakala. Basi mabamba hayo yakapanda meli, yakaenda Ufaransa, na huko yakatumika kuchorea picha za kitabu cha safari yake. Mtu wa pwani aliyesimamishwa juani akaambiwa asitikisike, hakubaki na kitu mkononi. Mwaka 1860 James Grant, aliyefuatana na Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, naye alipiga picha Unguja. Wenye sura wakabaki hapa, sura zao zikasafiri.

Baadaye studio zikafunguliwa mijini. Unguja, kwa mfano, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Hapo mambo yalibadilika kidogo. Mteja alivaa nguo yake nzuri, akalipa, akaondoka na picha yake. Lakini hasi, yaani kile kipande cha filamu ambacho nyeupe yake ni nyeusi na nyeusi yake ni nyeupe, ilibaki kwa mwenye studio. Mwenye hasi ndiye aliyeweza kutoa nakala nyingine. Mwenye studio akitunza, kumbukumbu ya mtaa mzima imetunzwa. Akifunga duka na hasi zikatupwa jalalani, mtaa mzima umepotea.

Msije mkadhani haya ni maneno ya kujifurahisha. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoko Evanston karibu na jiji la Chicago huko Marekani, kilinunua mkusanyiko wa Mwingereza Humphrey Winterton. Ndani yake mna picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960 hivi. Zimo sura za watu wetu, masoko yetu, reli zetu na bandari zetu. Chuo hicho kimezitunza vizuri na kuziweka kwenye intaneti, na kwa hilo tukishukuru. Lakini mjukuu anayetaka kuujua mji wa babu yake analazimika kubisha hodi Chicago. Ndivyo ilivyo: picha ni ya aliyeitunza.

Sasa turudi kwetu bara. Sisi wa Mlandizi tumezoea vitu vyetu kwenda Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, husafisha maji ya mto Ruvu, nayo yakafuata bomba kwenda mjini. Hata picha zetu zilifuata barabara hiyo hiyo ya Morogoro. Zilipoingia picha za rangi, mpiga picha alikuja na kamera yake siku ya Idi au ya ubatizo, akatupanga, akamaliza mkanda wake wa picha 36, kisha akapanda basi kwenda Dar, kilomita kama 60, kuusafisha. Tulingoja wiki mbili, pengine mwezi. Wengine tunawakumbuka waliokuja na kamera, wakachukua malipo ya awali, wasionekane tena. Sherehe ilikwisha, na ushahidi wake ukaenda na basi.

Tena vitu vyenyewe vilikuwa adimu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na mikanda ya filamu ilikuwa bidhaa ya kutafutwa kwa tochi. Kuhusu kompyuta ndiyo usiseme. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuweka hesabu za serikali katika kompyuta kwenda mrama, serikali yetu ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo kijana wa leo anayechapa picha sebuleni ajue kwamba enzi za baba yake chombo cha jamii hiyo kilihitaji ruhusa maalumu.

Miaka ya 1990 ndipo zilipoenea mijini zile maabara za picha za rangi za kungoja saa moja. Haraka ilipatikana, lakini rangi ya mtu ilikuwa bado mikononi mwa mashine. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ili fundi apime rangi kwa kuitazama. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka sawasawa, mashine imekaa sawa. Na ngozi yako wewe wa Mlandizi je? Ndiyo maana katika albamu nyingi za zamani bibi harusi anaonekana shela, meno na macho, na uso wenyewe umezama gizani. Wengi tuliamini kwamba hatupendezi kwenye picha, kumbe filamu na mashine zilipimwa kwa sura nyingine.

Wakati huo huo, mbali sana na Mlandizi, printa ya wino ilikuwa inazaliwa. Mwaka 1977, katika maabara ya kampuni ya Canon huko Japani, mtafiti Ichiro Endo aliona jambo dogo. Kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi, kama cha mafundi redio wetu, kiligusa sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukaruka kutoka ncha ya sindano. Joto lilikuwa limefanya povu, na povu limeusukuma wino nje. Wenzao wa Hewlett-Packard huko Marekani wakawa na wazo la jamii hiyo, wakauza printa yao ya ThinkJet mwaka 1984 na DeskJet mwaka 1988. Kampuni ya Epson ikafuata njia nyingine, ya kipande kinachojikunja kwa umeme na kuubana wino utoke bila joto. Mwaka 1994 ikatoa Stylus Color, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakakubali kwamba picha iliyotoka mezani nyumbani inafanana na ya maabara.

Lakini palikuwa na mtego. Printa iliuzwa rahisi, wino ukauzwa ghali. Kikopo chenye mililita chache tu kilikwisha kabla hujamaliza ukoo wako, na bei ya vikopo viwili vitatu ikakaribia bei ya printa mpya. Biashara ya namna hiyo kwa mtu wa kipato chetu ni sawa na kupewa ng'ombe ukauziwa kamba kila siku.

Nani aliyeufungua mtego huo? Ni mafundi wa mitaani. Katika nchi nyingi za kipato kidogo walitoboa vikopo wakavijaza wino kwa bomba la sindano, wakachomeka mipira kutoka chupa za pembeni. Huko Indonesia jambo hili lilienea mno, hata Epson wenyewe wakaona heri wauze printa yenye matangi ya kujazwa kwa chupa. Walianzia Indonesia hiyo hiyo mwaka 2010, kisha wakazitawanya kwingineko. Hivi leo hapa kwetu printa za aina hiyo ndizo zinazotegemewa na vibanda vya picha za pasipoti, na chupa moja ya mililita 70 hufanya kazi siku nyingi. Naomba jambo hili likumbukwe: mbinu ya mtu wa kawaida aliyebanwa na bei ndiyo iliyowageuza wenye viwanda.

Printa yangu ni ya kizazi hicho. Ina wino wa aina sita, na mbili kati ya hizo ni nyepesi, ili mpito wa rangi shavuni au kwenye paji la uso usionekane vitone vitone. Nakiri kwamba si chombo cha mvivu. Nisipoigusa wiki mbili, wino hukauka katika matundu yake ambayo ni membamba kuliko unywele, na picha hutoka na mistari. Kwa hiyo kila Jumamosi huchapa ukurasa mmoja hata kama sina mteja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, karatasi hiyo imekwenda. Na ndani yake mna sponji la kunywa wino wa kusafishia matundu. Mashine huhesabu, na hesabu ikitimia hugoma kabisa, ingawa haina ubovu mwingine, mpaka fundi abadilishe sponji na kuifuta hesabu.

Pamoja na taabu hizo, ipo faida moja ambayo sikuipata katika miaka yote ya maabara. Uso ukitoka mweusi mno naurudisha, ukitoka mweupe kama umepakwa unga naurudisha pia, nikilinganisha na mwenye uso aliyekaa mbele yangu. Hapa kwangu kadi ya kupimia rangi ni jirani yangu mwenyewe.

Wanaokuja ni wengi. Yuko mzazi mwenye fomu ya shule inayodai picha mbili za pasipoti kesho asubuhi. Yuko kijana anayeomba kazi. Lakini wanaonigusa zaidi ni wafiwa. Siku moja alikuja bibi mmoja, akafungua fundo la kanga yake, akatoa kadi ya kupigia kura ya marehemu mumewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitolee huyu mzee, awe mkubwa kidogo. Wajukuu wanamsahau."

Nikamuuliza kama ana picha nyingine yoyote. Akasema hana. Mzee huyo alikuwa ameishi zaidi ya miaka 70, amelima, ameoza mabinti, amezika ndugu, na sura yake yote iliyobaki duniani ilikuwa na ukubwa wa ukucha, imekwaruzika, tena ilipigwa kwa ajili ya uchaguzi. Nilifanya nilichoweza. Lakini printa haiwezi kuchapa kisichokuwapo. Mistari ya uso ambayo kadi haikuibeba, mimi sikuweza kuirudisha.

Hapo ndipo hatari ya zama zetu ilipo. Babu zetu walikosa picha kwa sababu kamera ilikuwa ya mgeni. Baba zetu walizikosa kwa sababu filamu ilikuwa adimu na hasi zilikaa kwa wengine. Sisi tunapiga picha mia kwa siku kwa simu, kisha simu inaibwa Mwenge au inatumbukia majini, na miaka mitatu ya familia imekwenda. Wala tusijidanganye kwamba karatasi yoyote inatosha. Wino ulio mwingi katika printa za nyumbani ni rangi iliyoyeyuka, nayo huliwa na jua na hewa. Mwaka 2000 watumiaji wa printa fulani za picha huko Marekani walishangaa kuona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa katika muda mfupi, na chanzo kilichotajwa ni hewa ya ozoni. Picha ya fedha nyeusi na nyeupe ya enzi za studio hudumu hata zaidi ya miaka 100 ikitunzwa. Hii ya kwangu ukiibandika dirishani pa jua, haikawii kupauka.

Basi tufanyeje? Ushauri wangu hauna gharama kubwa. Kwanza, kila mwaka chagueni picha chache za familia, hata kumi, mzitoe kwenye karatasi nzuri, nyumbani au kibandani. Pili, toeni mbili mbili: moja ibaki kwenu, moja apewe ndugu anayeishi mbali, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasimalize ukoo. Tatu, ziwekeni ndani ya albamu au bahasha, mbali na jua na unyevu. Nne, na hili ndilo tunalolisahau, andikeni nyuma kwa penseli, polepole bila kukandamiza, jina la mtu, mahali na mwaka. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 50 ni picha ya mgeni.

Na wale wenye wazazi walio hai, wapigeni picha wakiwa wazima, wakicheka, wamekaa barazani kwao, msingoje kadi ya uchaguzi iwe ndiyo kumbukumbu pekee. Chombo kimekwisha kufika mezani petu, na daftari sasa tunalishika wenyewe. Likipotea safari hii, hatutakuwa na nahodha wa Kifaransa wa kumlaumu.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.